Harufu ya Webuye na swali la "hii ni kazi ya nani?"

Uliza mzazi yeyote aliyepanda matatu kutoka Kanduyi kwenda Eldoret miaka ya tisini. Atakwambia hakuhitaji kibao kujua amefika Webuye, pua ilimwambia. Harufu ya mayai viza, na mabati yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati wake. Hiyo ilikuwa Pan Paper, kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya sabini. Kilileta ajira, kikakuza mji, kisha kikafungwa 2009.

Sasa jiulize, nani angekishtaki? Kilipojengwa, Kenya haikuwa na sheria moja ya mazingira. Kifungu kimoja kilikuwa kwenye sheria ya maji, kingine kwenye ya afya. Na serikali yenyewe ilikuwa na hisa pale. Baraza la mji lingefanya nini?

Sheria kuu ya mazingira, EMCA, ilipitishwa 1999, na NEMA ikaanza kazi 2002. Lakini rungu lilikaa Nairobi.

Katiba ya 2010 ndiyo iligawa kazi. Kwenye Jedwali la Nne, kaunti zilipewa takataka, majaa, kelele na uchafuzi wa hewa. Serikali ya kitaifa ikabaki na ulinzi wa mazingira kwa jumla. Kwa hivyo moshi kama ule wa Webuye leo ungekuwa wa wote wawili: NEMA kwa leseni, kaunti kwa hewa.

Na sheria zao zikigongana? Kifungu cha 191 kinasema ya kitaifa hushinda ikiwa inahitajika kulinda mazingira. Mimi naona hiyo ni haki. Mto Nzoia haujui mpaka wa kaunti. Uchafu ukimwagwa Bungoma, msee wa Busia ndiye anaukuta kwenye mtungi, na gavana wake hawezi kututungia sheria sisi.

Lakini Nairobi pekee haitoshi. Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima. Poa. Ila lori la kuzoa takataka sokoni bado ni la kaunti, na lisipokuja, hakuna marufuku itakayozoa hiyo rundo.

Shida yetu si sheria mbili. Shida ni kurushiana mpira: kaunti inasema nenda NEMA, NEMA inasema nenda kaunti, na wewe unazunguka ukiwa umeziba pua.

Hapo ndipo Kifungu cha 70 kinaingia. Mtu yeyote anaweza kwenda kortini kutetea mazingira safi, na halazimiki kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Wazazi wetu Webuye walivumilia ile harufu miaka na mikaka bila silaha hiyo. Sisi tunayo. Tukinyamaza, tusiseme tena ni kazi ya nani.