Kiti cha Washairi: Uasili na Umoja wa Wanawake katika Hip Hop ya Kigali

Utangulizi

Kila hip hop ya Rwanda inapojadiliwa, dai moja hujirudia: kwamba mizizi yake ya nyumbani ni ibyivugo, majigambo ya kishujaa ambayo vijana wa kiume walifundishwa kuyaghani katika itorero, chuo cha malezi cha makao ya mfalme. Dai hilo lina mashiko. Kasi ya mghani, pumzi inayobanwa mpaka mwisho wa mkupuo, jina la kujipa, sifa za kujimwagia na kejeli kwa mpinzani ni mambo ambayo msikilizaji wa rapu huyatambua mara moja. Tatizo ni kwamba nasaba hiyo ni ya wanaume watupu. Tukiikubali peke yake, Oda Paccy, Young Grace, Ciney na Angell Mutoni wanabaki wageni katika nyumba ambayo Tuff Gangz na wenzao wameirithi, na kila jambo jipya wanalolifanya litahesabiwa kuwa ni kuwaiga wanaume au kuwaiga Wamarekani.

Makala hii inapendekeza nasaba nyingine, na inadai kwamba ndani yake uasili na umoja havikuwa mambo mawili yanayovutana. Hoja hii ina uzito wa kisera. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na namna ya kuwaita na kuwaorodhesha wasanii hawa kwa Kiswahili bado inajengeka.

Nyirarumaga

Padri Alexis Kagame, katika utafiti wake wa ushairi wa kifalme wa Rwanda uliochapishwa mwaka 1951, aliyahifadhi mapokeo yanayomtaja mwanamke kuwa mwasisi wa utanzu wa ibisigo. Mwanamke huyo ni Nyirarumaga, wa ukoo wa Abasinga, mama mfalme wa kuteuliwa wa Ruganzu Ndoli. Kagame aliuweka utawala huo katika karne ya 16; Jan Vansina aliusogeza hadi karne ya 17. Tofauti ya tarehe haiathiri hoja yetu. Kinachotuhusu ni tendo ambalo mapokeo yanamhusisha nalo. Kabla yake palikuwa na ibinyeto, tungo fupi za kuwasifu wafalme, ambazo zilikuwa katika hatari ya kusahaulika. Nyirarumaga aliziunganisha akapata utungo mrefu wa aina ambayo haikuwapo, na mapokeo hayohayo yanamhusisha na Intebe y'Abasizi, yaani Kiti cha Washairi, chombo cha makao ya mfalme kilichowakusanya watunzi ili tungo zihifadhiwe na kurithishwa.

Tendo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Upya wake haukutokana na mtu kujifungia na kutoa kisichowahi kusikika. Ulitokana na kuzisikiliza tungo za wengine, kuzichambua, kuziunga na kuwapa watunzi mahali pa kukutana. Mtayarishaji wa studio anayekata kipande cha wimbo wa zamani na kukijengea mdundo mpya anafanya jambo la jamaa moja na hilo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Nyirarumaga. Baada yake kiti kilikaliwa na wanaume kwa wingi mkubwa, kama inavyoonekana katika majina ya watunzi aliyoyakusanya Kagame. Lakini aliyekiweka, kwa mujibu wa kumbukumbu ya Wanyarwanda wenyewe, ni mwanamke. Hip hop ya Kigali ikitaka babu, anaye. Ikitaka bibi pia, anaye, tena wa mbali sana.

Ushindani wa chama na ushindani wa mtu

Umoja usieleweke kuwa ni kukosekana kwa ushindani. Ushahidi bora wa jambo hili uko pwani ya Kenya. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, anaeleza vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo. Ushindani ulikuwa mkali, pengine wa kutia fedheha, lakini ulikuwa wa chama kwa chama. Mwimbaji alikuwa na waitikiaji, michango ya fedha, na wenzake wa kumwambia ubeti wake umepwaya kabla mahasimu hawajauchekelea. Kwa hiyo ugomvi wenyewe ulikuwa kiwanda cha nyimbo mpya.

Hip hop iliwapokea wanawake wa Afrika Mashariki kwa mpango mwingine: mmoja mmoja. Jijini Nairobi Nazizi alijulikana akiwa mwanamke pekee katika Necessary Noize, pamoja na Wyre na Bamzigi. Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zay B na Sister P walikuta hadhira iliyotaka kuwaona wakigombana. Swali la nani ni malkia lilizungumzwa kuliko mistari yao. Malkia huwa mmoja. Sharti hilo limo ndani ya neno lenyewe. Mwaka 2004 kundi la Wakilisha liliwaweka pamoja Witness na Shaa, na Langa akiwa wa tatu, lakini kundi hilo lilizaliwa na shindano la kampuni ya kinywaji, na kila mmoja alishika njia yake baadaye.

Kigali iliufuata mkondo huohuo. Shindano la Primus Guma Guma Super Star lilifanyika mara 8, kuanzia 2011 hadi 2018. Marapa Riderman na Jay Polly walishinda mwaka 2013 na 2014. Mwanamke aliyeshinda ni mmoja tu, Butera Knowless, mwaka 2015, naye ni mwimbaji, si rapa. Sidai kwamba waamuzi walipendelea. Ninachodai ni kwamba shindano lenye taji moja, katika mji ambao wanawake marapa walikuwa wachache na hawakuwa na chombo chao, humfundisha kila mmoja wao kumwona mwenzake kuwa ndiye anayemzibia nafasi. Ukosefu wa umoja unaolaumiwa mara kwa mara kuwa ni tabia ya wanawake una historia yake, na historia hiyo ni ya mpangilio wa jukwaa.

Gakondo na umwimerere

Neno letu uasili lina mzigo wa maana mbili. Humaanisha kutokana na asili, na humaanisha pia kutoiga. Kinyarwanda kina gakondo kwa ile ya kwanza na umwimerere kwa ile ya pili, ingawa katika mazungumzo mipaka hiyo huvukwa. Msanii wa kiume anaweza kuupata umwimerere kwa kuisogelea gakondo, kwa kuwa ibyivugo vinamsubiri. Mwanamke akiisogelea gakondo hiyohiyo anaambiwa ajisitiri kwanza.

Mwaka 2018 Tume ya Taifa ya Itorero ilimvua Oda Paccy hadhi ya intore kwa sababu ya picha aliyoitumia kuutangaza wimbo wake. Mjadala wa umma ulihusu picha, na sina haja ya kuufufua. Lililopita bila kutajwa ni kwamba hadhi hiyo, ambayo katika makao ya mfalme ilikuwa ya vijana wa kiume, ilikuwa tayari imeshafika mikononi mwa mwanamke anayerapu. Itorero la leo lilihuishwa mwaka 2007. Nalo ni ubunifu, na ni ubunifu uliokuwa na nafasi kwa mwanamke. Watunga sera waliangalia jinsi alivyoipoteza hadhi hiyo. Mwanahistoria anavutiwa zaidi na ukweli kwamba aliwahi kuwa nayo.

Hali ni tofauti tunapofika Butare, mji unaoitwa pia Huye. Huko, mwaka 2004, Odile Gakire Katese aliwakusanya wanawake na kuanzisha Ingoma Nshya, kundi la wapiga ngoma katika nchi ambamo mwanamke hakuruhusiwa kuipiga ngoma. Miongoni mwao walikuwamo manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994 na jamaa za walioyatenda. Katika Kinyarwanda ingoma ni chombo cha kupigwa na pia ni utawala, hivyo jina la kundi linasomeka mara mbili. Hakuna aliyeweza kusema wameiga ugenini, na hakuna aliyeweza kusema wamerudia ya zamani. Mwanamke mmoja aliyeshika vijiti angeweza kuitwa mkosaji wa adabu. Kundi zima lililazimisha mwiko uzungumzwe upya. Hip hop ya Kigali haikuwahi kupata kundi la namna hiyo katika miaka yake ya kujengeka.

Kiambishi na cheo

Magazeti ya Kinyarwanda humwita msanii huyu umuraperikazi. Kiambishi -kazi ni cha kale katika lugha za Kibantu, na Kiswahili kina mabaki yake katika mjakazi na mkazamwana. Katika umugabekazi, cheo cha mama mfalme, kiliambatana na mamlaka. Katika mjakazi kiliambatana na utumwa. Kwa hiyo hakimpandishi mtu wala hakimshushi. Kinachomshusha ni orodha anamowekwa. Mwandishi wa Kiswahili anapotafsiri, huandika rapa wa kike au malkia wa hip hop, na kwa maneno hayo anairudisha orodha ya pembeni yenye kiti kimoja.

Kiswahili kina manju, malenga na shaha, maneno yasiyobagua jinsia. Manju na shaha, zaidi ya hayo, humtambulisha mtu pamoja na wanaomfuata: hakuna manju asiye na ngoma. Ningependekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iyazingatie maneno hayo inapoandaa istilahi za sanaa. Pendekezo la pili linahusu nyaraka. Hifadhi ya hip hop ya Kigali ikipangwa kwa majina ya mabingwa, wanawake watachukua ukurasa mmoja. Ikipangwa kwa uhusiano, yaani nani alishirikishwa na nani, nani aliandika ubeti upi na nani alimfundisha mwenzake kupanga pumzi, picha itakuwa nyingine. Wengi wa kuulizwa wako hai na wako mjini.