Goma hadi Kinshasa: saa mbili za ndeke, lakini kwa nani?

Wandugu, hili swali lilianza kwa simu ya msiba. Mwaka 2025 mmoja wetu alifiwa na mjomba wake Kinshasa. Tukiwa hapa Gisenyi tukafungua ramani. Goma unaifikia kwa mguu, na kutoka Goma hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,560 angani. Ndeke inazimaliza kwa saa mbili na kitu. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja: ukiruka Goma saa nne asubuhi, saa tano na nusu hivi ya kule umeshashuka. Kwenye ramani, ni rahisi kabisa.

Bila ndeke ni habari ingine. Hakuna barabara nzuri ya kukufikisha moja kwa moja. Lazima ufike kwanza Kisangani, halafu ushuke mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700, na boti za mizigo zinaweza kuchukua majuma. Ndiyo maana kwetu uwanja wa Goma si anasa. Ni mlango.

Na huo mlango umeona mengi. Julai 1994, Wanyarwanda zaidi ya 800,000 walivuka kutoka huku kuingia Goma ndani ya siku chache. Kipindupindu kikaua maelfu, na misaada ikashukia uwanja ule ule. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka: lava ikapita katikati ya mji na kufunika karibu theluthi ya njia ya kurukia. Safari hii watu wa Goma ndio waliokimbilia Gisenyi. Mei 2021 mlima ukalipuka tena, tukavuka tena. Mwishoni mwa Januari 2025 haikuwa mlima, ilikuwa vita. M23 ikaingia Goma, uwanja ukafungwa. Februari, Kongo ikafunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda.

Sasa hesabu safari ya mwenzetu. Basi hadi Kigali, zaidi ya kilomita 150 za milima, saa tatu au nne. Kigali hadi Nairobi, karibu kilomita 750, na hapo anaipa Kinshasa mgongo. Halafu Nairobi hadi Kinshasa, karibu 2,400. Jumla 3,300, mara mbili ya ile ya kwanza, bado hujahesabu kungoja. Na kila kituo kinauliza karatasi. Zake zilibaki kwenye nyumba aliyoikimbia.

Hakwenda. Mazishi aliyaona kwenye simu, sisi tumekaa naye.

Dada na kaka mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkituandikisha mnauliza tumetoka umbali gani. Tunajibu: kilomita tano, kumi. Ni kweli, lakini haisemi kitu. Ulizeni pia mlango gani umefungwa nyuma yetu, na ni nani yuko upande ule. Hapo ndipo mtajua tuko mbali kiasi gani na nyumbani.

Na wewe kijana mwenzetu, tuandikie hapa chini: kwenu ni kilomita ngapi, na leo ungehitaji siku ngapi kufika?