Tezi ya Pituitari, Picha za Ubongo na Udumavu: Kutoka Gitega hadi Muyinga

Mwaka 1912 utawala wa Kijerumani ulihamishia makao yake Gitega; mwaka huohuo, nchini Marekani, Harvey Cushing alichapisha kitabu chake juu ya maradhi ya tezi ya pituitari. Eksirei ya enzi hizo ilionyesha kishimo cha mfupa kinachobeba tezi, si tezi yenyewe. Mageuzi yaliletwa na MRI: mwaka 1987 Fujisawa na wenzake, nchini Japani, walionyesha kikonyo cha tezi kilichokatika, na sehemu ya nyuma, ing'aayo kama doa jeupe, ikiwa imekaa juu ya mahali pake. Lawama iliangukia kwanza uzazi mgumu, hasa wa mtoto kutanguliza matako. Baadaye ilidhihirika kuwa kasoro nyingi za namna hiyo huanzia tumboni.

Nchini Burundi picha hiyo inakutana na swali la lishe. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa Muyinga aliye mfupi kwa kukosa homoni hufichika katika umati huo, na uji wa lishe haumrefushi. Tena, msamaha wa ada wa mwaka 2006 hukoma mtoto atimizapo miaka mitano, umri ambao ufupi wake mara nyingi ndiyo kwanza unatiliwa shaka.

Kusubiri MRI, hata hivyo, ni kosa. Manjano yasiyoisha kwa mtoto mchanga huonekana kwa macho, na sukari inayoshuka hupimwa kwa tone la damu, wodini Gitega au Muyinga. Ukosefu wa kotisoli unaweza kuua kabla ya picha yoyote kupigwa.