Safu ya Lugha: Oili "Nzito" na Mnato

Ukifika gereji na gari lililotembea kilomita nyingi, fundi hukwambia, "Tia oili nzito." Lakini uzito hupimwa kwa kilo, na oili ya injini, hata hiyo iitwayo nzito, huelea juu ya maji. Anachokusudia fundi ni mnato, neno lililotokana na kitenzi kunata: jinsi kimiminika kinavyokuwa kigumu kutiririka. Najua tunasema uji mzito, na jikoni hicho ni Kiswahili safi. Gereji neno hilo linapotosha, maana mwenye gari husikia "nzito" akaelewa "imara", na "nyepesi" akaelewa "hafifu".

Hata W ya 5W-30, alama ya mnato kwenye kopo la oili, wapo wanaodhani ni ya uzito. La, ni ya majira ya baridi kwa Kiingereza: 5 huhusu mnato wakati wa baridi, 30 injini ikishapata moto. Injini iliyoundwa kwa 5W-30 ukiitia 20W-50, asubuhi oili huchelewa kupanda, na vyuma husuguana kabla haijafika. Muulize fundi wako mnato, na kabla ya hapo soma kitabu cha gari.