Herufi Moja na Hatima ya Ukanda

Neno ukanda limebebeshwa mizigo mingi. Ni mshipi wa ngozi. Ni nchi nyembamba iliyoambaa bahari, ndiyo maana twasema ukanda wa Pwani, mathalani kutoka Diani kupitia Msambweni hadi Vanga. Enzi za kaseti, wingi wake, kanda, ulibeba taarabu na mawaidha. Upo ukanda mwingine ambao sisi wanalugha hatuuzungumzii sana: ule wa sumaku unaowekewa nakala za akiba za seva. Historia yake ina funzo kwa lugha za Kwale.

Mwaka 1928, huko Dresden, Ujerumani, Fritz Pfleumer alibuni utepe wa karatasi uliopakwa unga wa chuma ili kunasa sauti. Kufikia 1952, kampuni ya IBM ilikuwa ikiuza mashine za kuhifadhi data za kompyuta kwenye ukanda wa sumaku. Mfumo wa Unix, ulioanza 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, ulirithi teknolojia hiyo. Toleo lake la saba, la 1979, lilikuja na amri ya tar, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya ukanda. Leo vijana huitumia tar kufungasha faili bila kuwahi kuuona ukanda wenyewe. Neno limedumu kuliko kitu.

Kwenye Unix, kila kifaa huitwa kwa jina, kana kwamba ni faili. Sasa hebu tazama: mashine moja ya ukanda ina majina mawili. Katika Linux ni /dev/st0 na /dev/nst0. Solaris nayo ilitumia /dev/rmt/0 na /dev/rmt/0n. Ukiita jina la kwanza, kazi ikiisha mashine huurudisha ukanda mwanzo. Jina lenye n huuacha pale pale ulipofika. Fundi akiandika nakala ya Jumatatu kwa jina la kwanza, kisha ya Jumanne kwa jina hilo hilo bila kubadilisha ukanda, ya Jumanne huandikwa juu ya ile ya Jumatatu. Wala mashine hailalamiki. Ati kazi imekwisha salama!

Mwaka ule ule wa 1928, mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Siupingi uamuzi huo. Matunda yake ndiyo haya ninayoyaandika. Ninachokipinga ni jinsi tulivyoutekeleza shuleni, kwa jina lisilo na n. Kila kizazi tuliurudisha ukanda mwanzo, tukaandika Sanifu juu ya alichotoka nacho mtoto nyumbani. Awe wa Vanga na Kivumba chake, wa Funzi na Chichifundi chake, au wa Diani na Chidigo chake, aliambiwa anakosea. Kumbe iliwezekana kumwandikia Sanifu baada ya lugha yake, bila kuifuta.

Nakala kadhaa zipo, namshukuru Mungu. H. E. Lambert alichapisha kitabu cha Kivumba mwaka 1957 na cha Chichifundi mwaka 1958. Mwaka 2004 ikatoka Mgombato, kamusi ya Chidigo yenye Kiingereza na Kiswahili. Lakini kitabu hakitoi sauti ya mzee wa Wasini akisimulia, na sauti hizo, zilizorekodiwa kwenye kaseti miaka hiyo, zimo makabatini zikishika ukungu.

Mafundi wa seva wana kanuni: nakala ambayo hujawahi kuisoma tena usiihesabu kuwa nakala. Ndiyo maana baada ya kuandika, fundi makini huiamuru tar iorodheshe kilichomo. Basi ewe msomaji mwenye kanda za babu au bibi, zichezeshe sasa, kabla mashine ya kuzichezesha haijaadimika zaidi. Sikiliza hadi mwisho. Toa nakala mbili, uziweke mahali tofauti. Kisha andika kwenye kibandiko msemaji ni nani, ni wa wapi na mwaka gani. Na kama alisema Kivumba, andika Kivumba. Usiandike Kiswahili tu.