Dawa za Kulevya Zisizo na Shamba

Ndugu msikilizaji, ukitaja bangi pale Gorong'a, wilayani Tarime, huna haja ya kueleza maana yake. Wakazi wengi wa huko ni watu wa mahindi, mihogo, ndizi na ng'ombe, lakini bonde la Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti, limetajwa kwa miaka mingi kila bangi inapozungumzwa nchini. Askari wamekwenda, wamefyeka, wamechoma, wameondoka, na msimu uliofuata wamerudi tena.

Sasa mtu wa Gorong'a akisikia kwamba zipo dawa za kulevya za viwandani, ana haki ya kuuliza: hizo nazo zinalimwa wapi? Jibu ni kwamba nyingi hazilimwi popote. Hazingoji mvua wala hazina msimu, na hakuna shamba la kufyeka. Hupikwa chumbani kwa kemikali, na mzigo wa kulevya maelfu ya watu unaweza kuenea ndani ya begi la shule. Ili tuzijue vizuri, hebu turudi nyuma kidogo katika historia.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba karibu zote zilizaliwa zikiwa zimevaa koti jeupe la daktari. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, alitengeneza methamphetamine kutokana na kemikali iliyotokana na mmea wa ephedra. Vita Kuu ya Pili ilipofika, askari wa Ujerumani waligawiwa vidonge vyake, vilivyoitwa Pervitin, ili wakeshe na kusonga mbele bila kulala. Japani nayo iliwapa watu wake dawa hiyo hiyo, na vita ilipokwisha ikajikuta na umati wa watumwa wa vidonge, hata ikalazimika kutunga sheria kali mwaka 1951.

Heroini, ambayo ni nusu shamba na nusu maabara, iliingizwa sokoni na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Naam, dawa ya kikohozi! Miaka 15 baadaye kampuni ilikuwa imeacha kuitengeneza, lakini siri ya kuipika ilikwisha kutoka mlangoni.

Tuje jirani zaidi. Mwaka huo huo wa 1951, wataalamu wa India walitengeneza kemikali iitwayo methaqualone. Walikuwa wakitafuta tiba ya malaria, ugonjwa ambao sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kusimuliwa. Haikuwa tiba ya malaria, ila ilileta usingizi. Basi ikauzwa Ulaya kama dawa ya usingizi, na jina lake la dukani lililovuma zaidi ni Mandrax. Ilipogundulika kwamba watu wanaigeuza kilevi, nchi moja baada ya nyingine iliipiga marufuku. Wapishi wa vichochoroni hawakuacha. Katika miaka ya 1980 na 1990 vidonge hivyo vilitoka India vikavuka bahari, vikapitia Afrika Mashariki kwenda Afrika Kusini, ambako vilisagwa, vikachanganywa na bangi na kuvutwa kwa shingo ya chupa. Hapo ndipo shamba na kiwanda vilipofunga ndoa.

Na tusidhani waliohusika walikuwa wahuni wa mitaani tu. Mwaka 1998, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, ulitolewa ushahidi kwamba mradi wa siri wa jeshi la utawala wa makaburu ulitengeneza methaqualone kwa wingi.

Nyumbani, Bunge letu lilipitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 1995 kuhusu dawa za kulevya, na mwaka 2015 ikaja nyingine yenye meno zaidi, iliyozaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Katikati ya miaka hiyo tulishuhudia unga ukiingia mitaa ya Dar es Salaam, Zanzibar na Tanga. Tulijifunza maneno ambayo wazazi wetu hawakuyajua: kete, teja, arosto. Kisha, Desemba 2023, Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamphetamine katika Dar es Salaam na Iringa. Angalia, ndugu msikilizaji: Iringa si pwani. Mzigo ulikwisha kupanda milima.

Sasa nije kwenye lile linaloihusu Gorong'a moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 profesa mmoja wa Marekani, John Huffman, alikuwa akichunguza jinsi bangi inavyofanya kazi katika ubongo, na akatengeneza kemikali nyingi za kuiga nguvu yake. Hazikuwa za kuvutwa. Zilikuwa za utafiti. Watu wasiomjua walisoma maandiko yake, wakazipika, wakazinyunyizia kwenye majani makavu ya kawaida na kuyauza Ulaya kwa jina la Spice. Mwaka 2008 Wajerumani walipopima majani hayo ndipo walipoikuta kemikali ya profesa. Kwa macho ni majani tu. Lakini nguvu yake hupita ile ya bangi mara nyingi: mvutaji huweza kuanguka kifafa, kuchanganyikiwa, figo kufeli, na wengine wamekufa.

Sierra Leone imekwisha kulipa gharama. Huko vijana walivuta majani yaitwayo kush, na kwa kuwa yalifanana na bangi waliyoizoea, hawakushtuka. Vipimo vilionyesha kemikali za kuiga bangi, na mengine yalikuwa na nitazene, kemikali za jamii ya kutuliza maumivu zinazoweza kuzima pumzi. Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya hatari ya kitaifa.

Ndiyo maana nasema kwamba mahali palipozoea bangi pasijidanganye kuwa panajua dawa za kulevya. Bangi yenyewe ina madhara yake na ni kosa kisheria. Lakini aliyezoea kuamini jani ndiye rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kijana anayekesha machimboni Nyamongo, au anayeendesha bodaboda usiku kucha, ndiye atakayeambiwa kwamba kuna kidonge cha kuondoa usingizi. Wale askari wa Ujerumani waliambiwa hivyo hivyo. Methamphetamine haiongezi nguvu. Inakopa za kesho, na riba yake ni moyo kwenda mbio, meno kuoza, na kuona maadui mahali pasipo na mtu.

Je, maabara ndiyo adui? Hapana. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadone, nayo ni kemikali ya maabara, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya mwisho ya 1930. Mgonjwa huinywa mbele ya muuguzi, kwa kipimo chake, kila siku. Wengi wamerudi kazini na kwa familia zao. Tofauti ya dawa na sumu, basi, ni kipimo, na ni nani anayewajibika kwa kipimo hicho. Muuza kete hana mizani ya tiba, na ukifa hayupo.

Wazazi wa Gorong'a, na ninyi wa mijini mnaopokea vijana kutoka huko, msingoje kusikia harufu wala kuona shamba. Mtazameni kijana mwenyewe: halali siku mbili tatu, au anasinzia mchana kutwa; amekonda ghafla; vitu vinapotea nyumbani. Mkimwona hivyo, fimbo na matusi havitamtoa. Mpelekeni hospitali mapema, kwa sababu anayefichwa kwa aibu huishia kuonekana makaburini.

Shamba linaweza kuchomwa kwa siku moja. Hili lisiloonekana litazuiwa na anayejua anachouliza kabla ya kuvuta au kumeza: hiki ni nini, na nani amekipima?