Karatasi Isiyoogopa Maji

Babu aliandika majina ya ukoo kwenye daftari la shule, lile la mistari, miaka ya hamsini, kabla hata ya kiwanda cha karatasi cha Webuye kujengwa. Mwaka jana nililifungua nikitafuta jina la mama yake. Ukurasa ulikuwa wa kahawia, na nilipoukunjua ukavunjika kama biskuti. Pembeni kulikuwa na kikombe changu cha chai, na kile kifuko cha majani kilikuwa kimekaa kwenye maji moto nusu saa bila kuchanika. Kwani hizi zote si karatasi?

Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizolowekwa, zikachujwa, zikakaushwa. Zikikauka zinashikana zenyewe bila gundi. Zikilowa tena, maji yanaingia katikati na zinaachana. Karatasi ya kawaida ikilowa haibaki hata na sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake.

Kwa hivyo watu wameiongezea vitu tangu zamani. Watengenezaji wa nchi za Kiislamu waliipaka uji wa wanga. Kule Fabriano, Italia, karne ya 13, wakaja na jelatini, ambayo kusema ukweli ni supu ya ngozi za wanyama. Wanga na jelatini zote ni polima, molekuli ndefu kama minyororo. Kuna kurasa za jelatini zenye miaka 500 na bado zinakunjika vizuri tu.

Shida ilianza na urahisi. Mwaka wa 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alitangaza njia mpya: utomvu wa msonobari na shabu, vyote vinatiwa moja kwa moja kwenye rojo. Hakuna tena kuchovya karatasi moja moja. Viwanda vikaipenda sana. Lakini shabu huleta asidi, na asidi, polepole, miaka nenda miaka rudi, huikata minyororo ya selulosi yenyewe. Wino hausambai, sawa, lakini uzi unakatika. Miaka ya 1950 William Barrow wa Virginia, Marekani, alichukua vitabu 500 vilivyochapishwa huko kati ya 1900 na 1949, akavipima kwa kuvikunja na kuvichana. Vingi mno vilikuwa hoi, na havikuwa hata vizee.

Wakati huohuo wengine walikuwa wanapigana na maji. Miaka ya 1930 ikaja resini ya urea na fomaldehaidi, halafu ya melamini. Vita vya Pili vya Dunia vilizihitaji: ramani ya mwanajeshi haiwezi kuyeyuka kwenye mvua. Resini hukauka ikawa wavu unaozizunguka nyuzi, na maji hayaufungui. Ila nazo zilitaka asidi ili zikamate! Yaani karatasi inaokolewa leo na kuuliwa kesho. Gerald Keim wa kampuni ya Hercules ndiye aliyetoka hapo, kwa resini ya poliamaidi na epiklorohidrini isiyohitaji asidi. Hati zake za uvumbuzi ni za 1960.

Hiyo ndiyo jamaa inayoshika tishu za jikoni na karatasi nyingi za vifuko vya chai. Tishu ya choo haitiwi kwa makusudi, isije ikaziba bomba, ndiyo maana ukifutia meza inabaki vipande vipande. Na karatasi yenye resini hii ni kichwa ngumu kwa wanaorejeleza taka, kwa sababu kuilowesha peke yake hakuivunji.

Daftari la babu, kwa rangi ile na kuvunjika kule, nadhani lilikuwa la shabu. Nimepiga picha kila ukurasa, na vipande nimevitia kwenye bahasha. Jina la mama yake linaanza na Na, kisha karatasi inakwisha. Kwetu Bungoma Na ni Nafula, ni Nasimiyu, ni Naliaka. Nyanya anasema ni Nafula. Shangazi anakataa.